Jina Moja, Nyumba Mbili: Juu ya Kuhamisha Hifadhidata Kongwe za Msamiati

Mwanaleksikografia akikuta neno kaa pekee kwenye kadi, hawezi kuamua iwapo ni mnyama wa pwani mwenye magando, au kipande cha mti uliochomwa, au kitenzi chenye maana ya kuketi. Upatanisho wa kisarufi ndio umwokoao: kaa huyu ni wa ngeli ya A-WA, ilhali kaa hili ni la ngeli ya LI-YA. Umbo la neno halikubadilika. Kilichoongezwa ni alama itajayo nyumba linakotoka.

Tatizo hilo hilo humkabili mtafiti ahamishaye msamiati uliohifadhiwa katika Microsoft Access 97. Kazi hii haifai kuahirishwa, kwani Access 2013 na matoleo yaliyofuata hayafungui faili la Access 97. Hapana budi faili hilo lipitishwe kwanza katika toleo la kati, kwa mfano Access 2003 au Access 2010, ligeuzwe umbo, ndipo toleo jipya liweze kulisoma. Hapo ndipo migongano ya majina hujitokeza. Tutaje miwili.

Wa kwanza umo katika maagizo ya programu. Access 97 ilitumia maktaba ya DAO kusoma rekodi. Access 2000 ikaleta maktaba nyingine, ADO, na zote mbili zina kitu kiitwacho Recordset. Aliyeandika Dim rs As Recordset hakutaja maktaba; kwa hiyo mashine hulichukua jina hilo kutoka maktaba iliyotangulia katika orodha ya marejeo. Ikitangulia ADO, na agizo la OpenRecordset likarudisha kitu cha DAO, hutokea kosa namba 13, yaani aina mbili zisizopatana. Kupanga upya orodha huondoa kosa kwa muda tu. Atakayeipangua kesho atalirudisha. Dawa ya kudumu ni kuandika Dim rs As DAO.Recordset. Majina Field na Property nayo yahitaji kiambishi hicho.

Mgongano wa pili ni wa hatari zaidi, kwa kuwa aghalabu hauna onyo. Safu ya jedwali ikiitwa Name, ripoti yaweza kuchapa jina la ripoti yenyewe mahali palipostahili jina la msemaji aliyetupa neno. Mabano ya mraba husaidia katika maulizo yenye majina kama Order na Group, lakini hapa hayatoshi, kwa sababu ripoti nayo ina sifa iitwayo Name. Inafaa safu ipewe jina jipya, tuseme JinaMsemaji, kisha kila ulizo, fomu, ripoti na agizo lililotumia jina la zamani lirekebishwe. Huduma ya Access ya kusahihisha majina haigusi maagizo yaliyoandikwa katika moduli. Hayo mtafiti huyatafuta mwenyewe.

Kazi yote ifanyike kwenye nakala, faili la asili likibaki salama. Baada ya kuhamisha, zihesabiwe rekodi za kila jedwali, kisha ripoti chache zilinganishwe na zile za zamani, neno kwa neno. Msikilizaji akisikia kaa bila upatanisho, huuliza. Mashine haiulizi, huchagua, na chaguo lake laweza kumnyima msemaji neno alilotukabidhi.