Elimu ya Nafsi, Sehemu ya Sita: Tabibu wa Mbali na Amana ya Siri

Tarehe 30 Aprili 2024 mahakama ya wilaya nchini Finland ilimhukumu kijana wa miaka 26 kifungo cha miaka 6 na miezi 3, na hukumu hiyo, ambayo magazeti yetu yaliipa aya mbili tatu chini ya habari za kandanda, ndiyo iliyonifanya niyaweke kando maelezo ya dawa za usingizi niliyoyaahidi katika sehemu iliyopita, nikaona ni bora nijibu kwanza suali ambalo wasomaji wamekuwa wakiniletea tangu mfululizo huu uanze: je, yafaa mtu amfungulie moyo wake tabibu wa nafsi ambaye hajapata kumwona ila katika kioo cha simu?

Kadhia yenyewe ni hii. Palikuwa na shirika la binafsi lililoitwa Vastaamo, lenye vituo vya tiba ya mazungumzo katika miji mingi ya nchi ile, na kila mgonjwa alipotoka katika kikao, tabibu wake aliandika katika kompyuta muhtasari wa yale aliyoyasikia, ya ndoa zilizovunjika, ya dhuluma za utotoni, ya kutamani kufa. Mwaka 2018 mtu aliingia katika hazina hiyo ya maandishi, ambayo haikuwa na ulinzi wa maana, akayanakili. Na mwaka 2020 shirika likadaiwa bitcoin 40, na malipo yalipokosekana, maandishi yakaanza kumwagwa hadharani, kisha wagonjwa wenyewe wakaandikiwa barua pepe mmoja mmoja, kila mtu akitakiwa alipe euro 200 katika muda wa saa 24, au euro 500 akichelewa, ama sivyo siri yake ingetandazwa mbele ya ulimwengu. Waliofikwa na balaa hiyo walikuwa kama 33,000. Mshitakiwa aliyakana mashitaka, mahakama ikamwona ana hatia. Shirika lenyewe lilikuwa limekwisha kufilisika tangu mwaka 2021.

Wapo watakaosema kwamba hilo latosha, na kwamba mwenye akili ataikimbia intaneti na kurejea katika kiti cha zahanati. Walakini wengi wa wagonjwa wale walikuwa wamekaa kitako mbele ya matabibu wao, mlango umefungwa, na siri zao zikatoka vilevile, kwa kuwa kilichowasaliti kilikuwa maandishi yaliyobaki nyuma yao. Nami naomba niruhusiwe kulieleza jambo hili kwa njia ya tarehe, maana tiba ya nafsi kwa mbali si bidaa ya zama hizi, na wahenga wake wana mengi ya kutufunza kabla hatujafika kwenye simu.

Tuanze na tiba ya maneno yenyewe, kabla haijaenda mbali. Wasomaji watamkumbuka Abu Zayd al-Balkhi, niliyemgusa kidogo katika sehemu ya pili. Mwanachuoni huyu, mwanafunzi wa al-Kindi, alizaliwa karibu na Balkh, katika nchi iitwayo leo Afghanistan, yapata mwaka 850, akafariki mwaka 934, na katika kitabu chake cha maslahi ya miili na nafsi aliiweka sehemu ya pili yote, yenye milango minane, iwe ya nafsi peke yake, akieleza ghadhabu, fazaa, huzuni na waswasi, kila moja kwa dalili zake na tiba yake. Aliipambanua huzuni yenye sababu ijulikanayo, kama kufiwa, na ile isiyo na sababu ya wazi, ambayo aliiona kuwa asili yake imo mwilini. Fauka ya hayo alishauri kwamba, kama mtu mwenye afya awekavyo akiba ya dawa nyumbani kwa maradhi ya ghafla, ndivyo apasavyo kujiwekea fikira njema wakati wa raha, azitumie siku ya dhiki. Na kwamba zaidi ya fikira zake mwenyewe mgonjwa huhitaji pia maneno ya mtu wa nje, mwenye hekima, wa kumzindua.

Kitabu hicho kilidumu karne nyingi katika miswada ya Istanbul bila ya kusomwa na wengi, hata kikapigwa chapa ya sura ya muswada wenyewe mwaka 1984, na sehemu ya nafsi ikafasiriwa kwa Kiingereza na marehemu Malik Badri wa Sudan mwaka 2013. Nimepata kusema, na nitasema tena hata nichoshe, kwamba ni aibu kwetu sisi wenye madrasa katika kila mtaa, tangu Lamu hata Kilwa, kuwa kitabu hiki hakisomeshwi, ilhali vijana wetu wanatafuta nasaha kwa watu wa video fupi ambao hawakusoma cha nyota wala cha nafsi. Mwenye uwezo na akifasiri kwa Kiswahili, atakuwa ametoa sadaka yenye kudumu.

Tukivuka miaka elfu moja kasoro, twafika Vienna, kwa Sigmund Freud, aliyeijenga tiba ya mazungumzo kama ijulikanavyo leo. Na moja ya kadhia zake mashuhuri, ya mtoto wa miaka mitano aliyeogopa farasi, iliyochapishwa mwaka 1909, iliendeshwa karibu yote kwa mbali, maana aliyezungumza na mtoto alikuwa baba yake, na baba ndiye aliyempelekea Freud habari na kupokea maelekezo, naye daktari alimtazama mtoto kwa shauri hilo mara moja tu.

Lakini kisa ninachokipenda zaidi ni cha Freud mwenyewe alipokuwa, kwa namna fulani, mgonjwa. Tangu mwaka 1887 aliandikiana na rafiki yake Wilhelm Fliess, tabibu wa Berlin, na katika barua zile alimwaga yote: ndoto zake, hofu ya kufa, hasira juu ya wenzake, mauti ya baba yake na yaliyomchemka moyoni baada ya hapo. Kisha wawili hao wakagombana, urafiki ukaisha, na barua zikabaki Berlin. Fliess alifariki mwaka 1928. Miaka michache baadaye mjane wake akaziuza kwa mfanyabiashara wa vitabu, na mfanyabiashara akazileta kwa Marie Bonaparte, binti wa ukoo wa Napoleon na mwanafunzi wa Freud, aliyezinunua karibu na mwanzo wa mwaka 1937. Freud alipopata habari alifadhaika, akataka kuchangia bei ili barua ziwe zake, na hakuficha kwamba alitaka ziteketezwe. Naye mwanafunzi, kwa adabu zote, akamkatalia mwalimu wake. Aliziweka katika benki mjini Vienna, na Hitler alipoitwaa Austria mwaka 1938 alikwenda kuzitoa mbele ya macho ya askari wa Gestapo, akazipeleka Paris katika ubalozi wa Denmark, na baadaye zikavushwa bahari mpaka Uingereza zikiwa zimefungwa katika kitambaa kisichopenya maji, ili meli ikipatwa na maafa zipate kuelea. Mwaka 1950 baadhi yake zilichapishwa, na mwaka 1985 zote zikawa mikononi mwa kila mwenye fedha ya kununua kitabu.

Msomaji na alitafakari hilo. Bingwa aliyewafundisha walimwengu kutoa siri za mioyo yao alishindwa kuirejesha yake mwenyewe, kwa sababu alikuwa ameiandika na kuituma, na kitu kilichoandikwa na kutumwa kina mwenyewe mwingine. Elimu ilifaidika, sikatai. Bali mwenye siri hakuulizwa.

Yaliyofuata nayapitia kwa haraka. Mwaka 1953 kasisi Chad Varah alianzisha mjini London huduma ya kuwasikiliza kwa simu watu waliokaribia kujiua, na kutoka hapo zikazaliwa huduma kama hizo katika nchi nyingi. Mwishoni mwa muongo huo waganga wa Nebraska, Marekani, walikwisha kutumia televisheni ya pande mbili kuwatibu wagonjwa. Na mwaka 1966 Joseph Weizenbaum alitangaza programu yake ya ELIZA, iliyojibu maneno ya mtu kwa kuyageuza kuwa maswali, hata karani wake, ambaye aliijua kuwa ni mashine tu, alipoketi kuzungumza nayo akamwomba bwana mkubwa atoke chumbani. Weizenbaum alishtuka, akatumia miaka iliyobaki kuwaonya watu. Na leo, programu za namna hiyo zikiwa zimejaa katika simu za watoto wetu, onyo lake halijazeeka.

Matabibu wa zamani waliapa kuficha walichokiona na kukisikia, na mashekhe wetu wametulea tukijua kwamba majlisi ni amana. Kinachoniudhi katika zama hizi ni kuona amana ikigeuzwa bidhaa. Mwaka 2023 serikali ya Marekani ililitoza BetterHelp, shirika mashuhuri la tiba kwa intaneti, dola milioni 7.8, baada ya kulituhumu kwamba, licha ya ahadi zake za faragha, liliwapa Facebook na wafanyabiashara wengine wa matangazo barua pepe za watu na habari ya kuwa wametafuta tiba. Na Mei 2024 fedha hizo zilianza kurejeshwa kwa watu kama laki nane. Shirika halikukiri kosa. Mimi sina haja ya kukiri kwake: mwenye kupokea chozi la mtu kisha akalipimia bei ya tangazo amekosa adabu kabla hajakosa sheria.

Basi, kwa nafasi iliyosalia, mwenye azma ya kuanza tiba hii na tabibu wa binafsi afanye nini? Kwanza amjue mtu wake. Mwanamke wa kwetu hampi sonara bangili ayeyushe kabla haijapimwa mbele ya macho yake. Basi na tabibu aulizwe amesoma nini, wapi, na amesajiliwa na nani, na jibu lake lihakikishwe kwa wanaomsajili wala si kwa ukurasa wake mwenyewe. Kenya ina sheria ya mwaka 2014 ya washauri nasaha na wanasaikolojia, yenye bodi ya kuwasajili. Na anayejiita daktari Tanzania Bara hana budi awe katika daftari la Baraza la Madaktari Tanganyika. Wenzetu walio ng'ambo wajue kwamba leseni hufuata mahali alipo mgonjwa: Marekani kila jimbo hutoa leseni yake, na kwa kawaida tabibu hutakiwa kuwa na ruhusa ya jimbo lile ambalo mgonjwa amekaa wakati wa kikao, hata wote wawili wakiwa watu wa Mombasa.

Pili, na hili ndilo kubwa, aulize habari ya maandishi: je, kikao kinarekodiwa? Anayoyaandika tabibu yanakaa wapi, nani mwingine aweza kuyaona, na yatafutwa lini? Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, na Tanzania ina ya mwaka 2022, ambayo tume yake ilizinduliwa rasmi Aprili 2024, kwa hiyo suali hili ni haki wala si ukaidi. Aulize pia mipaka ya siri, maana tabibu mwaminifu atakwambia mapema kwamba akiona unakusudia kujidhuru au kumdhuru mwingine, au akipata habari ya mtoto anayeteswa, au akiamriwa na mahakama, huenda akalazimika kusema.

Tatu ni mapatano ya kazi: ada ni kiasi gani kwa kikao, ambacho aghalabu huchukua dakika 45 hadi 60, ukighairi siku moja kabla utalipa au hutalipa, na intaneti ikikatika katikati ya maneno mazito, nani atampigia nani, kwa namba ipi. Tabibu wa kweli atakuuliza kila mara uko wapi kwa wakati ule, na jamaa gani apigiwe ukizidiwa. Asiyeuliza hayo hajajiandaa kwa siku mbaya.

Nne ni nyumba yako mwenyewe. Nyumba zetu nyingi zina dari moja na kuta zisizofika juu, na simu moja hushikwa na mume, mke na watoto. Ujumbe wa malipo ya M-Pesa hujitokeza katika kioo, jina la aliyelipwa likionekana, wakati mtoto anacheza mchezo wake. Weka nywila, ficha arifa, vaa visikizi, na ukikosa chumba, gari lililosimama kivulini lina faragha kuliko sebule. Ama mke anayepigwa na mtu anayekaa naye chumba kimoja, kikao cha simu chaweza kumhatarisha, na atafute mahali pengine pa kusemea.

Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba kwa huzuni na wasiwasi wa kawaida tiba ya video yakaribia kuwa sawa na ya uso kwa uso. Lakini mwenye kusikia sauti zisizokuwepo, au mwenye kukusudia kujiua usiku huu, asingoje kikao cha Jumanne: apelekwe hospitali, na Kenya namba 1199 ya Msalaba Mwekundu hupigwa bure, kama namba 116 ya watoto ilivyo huko na Tanzania.

Dawa za usingizi zitafuata katika sehemu ya saba. Kwa leo nasaha yangu ni moja: muulize tabibu kuhusu siri yako kabla hujamlipa, na asiyekujibu kwa uwazi usimlipe.