Shimesikio ya Kujirekebishia na Masikio ya Kilwa Kisiwani

Usikivu hafifu wa kiwango cha chini ni upungufu unaojificha, kwa kuwa mwenye nao husikia vizuri anapozungumza na mtu mmoja katika chumba kimya, lakini hupoteza maneno mara watu wanapokuwa wengi, upepo unapovuma au injini ya boti inapounguruma. Shirika la Afya Duniani (WHO) huuweka upungufu huo kati ya desibeli 20 na 35 kwa sikio lenye nafuu, desibeli ikiwa ni kipimo cha ukubwa wa sauti, maana yake ni kwamba sauti hafifu kabisa ambayo sikio hilo huinasa ni ya kati ya viwango hivyo viwili. Kwa watu wazima walio wengi, zinazotangulia kupotea ni sauti nyembamba ambazo hubeba konsonanti kama s, f, sh na t, ilhali irabu, ambazo ni nzito zaidi, hubaki; ndiyo sababu mzee husema kwamba anawasikia watu wakizungumza ila haelewi wanachosema, na kwake "fika" na "shika" huwa karibu neno moja.

Kilwa Kisiwani hujulikana na wengi kwa magofu ya Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, yaliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981, lakini ni kijiji kinachoishi, na uvuvi ni nguzo kubwa ya riziki yake. Umri pekee hupunguza usikivu popote pale duniani, na juu ya umri huongezeka kelele ambazo mtu amezivumilia kwa miaka, zikiwamo za injini za boti. Uvuvi wa baruti, uliotesa kwa muda mrefu pwani ya Lindi na Mtwara, umelaaniwa zaidi kwa sababu ya matumbawe na samaki, na ni haki kulaaniwa hivyo, ila inafaa kukumbuka pia kwamba mlipuko wa karibu huweza kujeruhi kwa mpigo mmoja chembe zenye vinyweleo zilizomo katika sikio la ndani, ambazo kwa binadamu hazioti tena. Dawa nazo zina sehemu yake: kwinini kwa dozi kubwa huleta mvumo masikioni na kupunguza usikivu, hali ambayo mara nyingi huondoka dawa ikikoma, wakati sindano za jamii ya streptomaisini na jentamaisini zinaweza kuacha madhara ya kudumu.

Mkazi wa Kisiwani anayetaka kufuata ngazi za rufaa huvuka kwanza kwa boti hadi Kilwa Masoko, huenda Hospitali ya Wilaya ya Kinyonga iliyoko Kilwa Kivinje, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine mjini Lindi, na mwishowe pengine Muhimbili jijini Dar es Salaam, ambako upandikizaji wa vifaa vya usikivu katika sikio la ndani ulianza mwaka 2017. Kwa mtoto aliyezaliwa kiziwi safari hiyo haina mbadala. Kwa mvuvi mwenye upungufu mdogo, anayepoteza kipato kila siku asipokwenda baharini, ni rahisi kuona kwa nini haianzi. Ripoti ya WHO ya mwaka 2021 ilieleza kwamba asilimia 93 ya nchi za kipato cha chini zina mtaalamu wa usikivu pungufu ya mmoja kwa kila watu milioni, na kwamba duniani kote ni asilimia 17 tu ya wale ambao wangefaidika na shimesikio, yaani kifaa kidogo kinachovaliwa sikioni ili kukuza sauti, ndio wanaoitumia.

Shimesikio ya kujirekebishia imebuniwa ili kuziba pengo hilo. Katika shimesikio ya kawaida, mtaalamu humpima mtu, huchora ramani ya usikivu wake kwa kila aina ya sauti, kuanzia nzito hadi nyembamba, na kisha hukipangia kifaa kiasi cha kukuza kila moja. Katika shimesikio ya kujirekebishia, kifaa chenyewe, kikiongozwa na programu ya simu janja, humlizia mvaaji milio hafifu moja baada ya nyingine, naye hugusa skrini kila anaposikia, kisha programu hukokotoa mpangilio wa mwanzo ambao mvaaji anaweza kuubadilisha apendavyo. Marekani iliruhusu vifaa vya aina hii viuzwe madukani bila cheti cha daktari kuanzia tarehe 17 Oktoba 2022, kwa watu wenye umri wa miaka 18 na zaidi wanaohisi upungufu mdogo au wa kati, huku kikiwekwa kikomo cha nguvu ya sauti ili kifaa kisije kikaharibu kile kinachokusudiwa kukisaidia.

Swali la kama mtu asiye na utaalamu anaweza kweli kujipangia kifaa limejaribiwa, na jaribio moja muhimu lilifanyika barani Afrika, katika Chuo Kikuu cha Pretoria, mwaka 2022. Watu wazima 64 waliokamilisha jaribio walikuwa wamegawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili yaliyopewa kifaa cha aina moja, kundi la kwanza likijipangia lenyewe kwa simu na la pili likipangiwa na wataalamu. Baada ya wiki 2 waliojipangia walionekana kuwa mbele kidogo, na baada ya wiki 6 tofauti ilikuwa imetoweka. Hata hivyo, waliojipangia hawakuachwa peke yao, kwani walipata maelekezo na msaada kwa njia ya mbali. Watafiti wa Australia walikuwa wameona jambo linalofanana na hilo, kwamba wengi wa waliofanikiwa kujipangia walifanikiwa kwa sababu palikuwa na mtu aliyefunzwa wa kuwasaidia pale walipokwama. Kwa hiyo neno "kujirekebishia" lisichukuliwe kuwa na maana ya kuachwa, na hapa ndipo penye uzito wote kwa mahali kama Kisiwani, ambako mzee anaweza kuwa hana simu janja yake mwenyewe na hutegemea ya mjukuu.

Mwongozo wa WHO wa mwaka 2024 kuhusu utoaji wa shimesikio katika nchi zenye uwezo mdogo umejengwa juu ya kugawana majukumu, yaani kazi ambazo hazihitaji mtaalamu hupewa watu waliofunzwa kwa muda mfupi. Tanzania ilizindua Januari 2024 mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na mhudumu wa namna hiyo, aliyezaliwa kijijini na anayejua kila nyumba, ndiye anayefaa kusimama karibu na mvaaji. Kazi yake ya kwanza ingekuwa kuangalia ndani ya sikio, kwa kuwa sikio lililozibwa na nta huhitaji kusafishwa tu, na kuwatambua wale ambao hawapaswi kabisa kupewa kifaa kabla ya kuonwa na daktari: mwenye sikio linalotoa usaha au linalouma, mwenye kizunguzungu, aliyepoteza usikivu ghafla, na ambaye sikio moja ni zito kuliko lingine kwa tofauti kubwa.

Jaribio lolote la vifaa hivi litakalofanywa Kisiwani haliwezi kuwa nakala ya lile la Pretoria. Kipimo cha kutambua tarakimu ndani ya kelele, ambacho hutumika sana kwa simu, lazima kirekodiwe upya kwa Kiswahili, na tarakimu zake zisawazishwe kwa ugumu, kwa sababu sita, saba na sifuri huanza kwa sauti moja ile ile ambayo sikio la uzeeni huipoteza mapema. Upepo wa kusi hupiga kinasa sauti cha kifaa na kugeuka ngurumo sikioni, na chumvi ya bahari pamoja na jasho hula viungo vya chuma na betri. Kwa hiyo wiki 6 hazitoshi, bali muda wa jaribio unapaswa kupita katika kusi na kaskazi. Hojaji, yaani maswali ambayo mvaaji huulizwa juu ya nafuu aliyoipata, nazo zinapaswa kuuliza juu ya mnada wa samaki, khutba ya Ijumaa, mazungumzo ya barazani na maelekezo yanayotolewa chomboni, maana huko ndiko maneno hupotelea. Na kwa kuwa vifaa vingi vya siku hizi huhifadhi kumbukumbu ya saa vilizovaliwa, majibu ya mdomo yalinganishwe na kumbukumbu hiyo, kwani mwenyeji mwenye adabu huona vigumu kumwambia mgeni kwamba kitu alichopewa amekiweka sandukuni.