Mkuu wa Jeshi ni mtu wa wapi?

Kila mara jina jipya linapotangazwa katika uongozi wa juu wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, swali la kwanza liulizwalo barazani si bwana huyu aliongoza kikosi gani, wala alisomea wapi. Huulizwa: ni mtu wa wapi? Huku kwetu Malinyi swali hilo huulizwa kwa sauti ya kawaida, kama mtu aulizavyo bei ya mchele. Visiwani, kama tunavyosikia kwa ndugu zetu, huulizwa kwa sauti ya chini kidogo, na hufuatiwa na swali la pili: zamu yetu itafika lini?

Twataka leo kulishika swali hilo pasipo kulizunguka, kwa kuwa kulinyamazia hakujasaidia kitu.

Wapo watakaotushangaa. Malinyi na mambo ya majenerali wapi na wapi? Sisi tu wakulima wa mpunga na wavuvi wa mto. Lakini masika yanapoingia na Mto Kilombero ukalifunika bonde, vijiji vyetu navyo huwa visiwa, na mtumbwi ndio barabara. Twaijua, kwa kiasi chetu, hali ya kutazama ng'ambo na kungoja kukumbukwa. Tena bonde hili lilijifunza mapema maana ya jeshi lisilo la wenyeji. Wapogoro na Wambunga walipoishambulia boma ya Mahenge tarehe 30 Agosti 1905, katika Vita vya Maji Maji, waliokuwa nyuma ya bunduki za Wadachi hawakuwa Wadachi peke yao. Tangu 1889 Wadachi walikuwa wakiwaandika askari kutoka Sudan na Washangani kutoka Msumbiji, watu wasio na mjomba wala shemeji katika nchi hii. Utawala ule ulijua unachokitafuta. Na hata miongoni mwetu wenyewe hatukuwa kitu kimoja, maana Mtema Kiwanga wa Wabena alisimama upande wa Wadachi.

Waingereza walikuja na hesabu nyingine. Wao waligawa makabila: haya ya kivita, yale ya jembe. Katika askari wa Keya, Wakamba walipendelewa kule Kenya, Waacholi kule Uganda, na Wahehe hapa kwetu. Kabila la mtu likawa cheti chake cha kazi. Uhuru ulipokuja, kila nchi ya Afrika Mashariki ilirithi jeshi la namna hiyo, na tofauti iliyoonekana baadaye baina ya nchi na nchi ilitokana, kwa sehemu kubwa, na yale yaliyofanywa juu ya urithi huo.

Sisi tulibahatika kupata mshtuko mapema. Mwanzoni mwa Januari 1964 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba tangu hapo uraia, wala si rangi ya mtu, ndio utakaotazamwa katika kuajiri na kupandisha watumishi wa Serikali. Hazikupita wiki mbili, tarehe 20 ya mwezi huohuo, askari wa Tanganyika Rifles wakaasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, wakidai nyongeza ya mshahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Hatuwezi kuyasifu maasi. Wala hatuwezi kusema kwamba askari wale hawakuwa na hoja hata moja, kwani jeshi la taifa huru lilikuwa bado chini ya Brigadia wa Kiingereza, Sholto Douglas, miaka miwili na zaidi baada ya bendera kupandishwa. Rangi ya mkuu wa jeshi ilikuwa na maana kwao. Aliyedhani haina maana alikuwa amekosea.

Jeshi lile lilivunjwa, na Septemba 1964 likaundwa jipya, chini ya Mrisho Sarakikya, kijana kutoka Umeru aliyekuwa amesomea uofisa Uingereza. Wakaandikwa vijana kutoka kila pembe, wengi wao wakitoka Umoja wa Vijana wa TANU. Na hapa tuseme kweli: jeshi hilo halikuwa bila kipimo cha utambulisho. Kabila lilitolewa mlangoni, lakini kadi ya chama iliingizwa. Askari alikuwa mwanachama, na ofisa asiyekuwa na imani ya chama hakuwa na safari ndefu. Jambo hilo lilidumu hadi vyama vingi vilipoingia mwaka 1992, na sasa Katiba, ibara ya 147, inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama cho chote.

Matunda ya kuchanganya watu yalionekana Kagera. Majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka Oktoba 1978, waliopewa brigedi zetu walikuwa watu kama Silas Mayunga, Mwita Marwa, Imran Kombe na Muhiddin Kimario. Majina yenyewe yatosha kuonyesha kwamba hawakutoka katika ukoo mmoja wala msikiti au kanisa moja. David Musuguri, ambaye askari walimbandika jina la Jenerali Mutukula, alikuwa mtu wa Mara. Waliomfuata hadi Kampala ikaanguka, tarehe 11 Aprili 1979, walitoka Bara na Visiwani, na hatujapata kusikia kwamba kuna aliyekataa amri yake kwa sababu ya kabila lake.

Sasa tuwatazame majirani, maana huko ndiko somo lilikolipiwa kwa damu. Uganda, baada ya Amin, ilimrudisha Milton Obote. Mkuu wa Utumishi wa jeshi lake, David Oyite-Ojok, Mlango kama Obote mwenyewe, alikufa katika ajali ya helikopta tarehe 2 Desemba 1983. Kiti kikabaki wazi muda mrefu. Maofisa wa Kiacholi, ambao watu wao walikuwa wengi katika vikosi na ndio waliokuwa wakifa katika mapigano ya Luwero, walitazamia kwamba safari hii mmoja wao atakumbukwa, tena mwenye miaka mingi kazini. Mwaka 1984 Obote akamteua Smith Opon Acak, Mlango mwingine. Huenda Opon Acak alikuwa hodari. Hilo halikupata hata nafasi ya kupimwa, kwa kuwa kila mtu alikwisha kulisoma jina lake kwa namna moja tu. Tarehe 27 Julai 1985 Bazilio Olara-Okello, Mwacholi, aliingia Kampala na vikosi vyake, Obote akakimbia, na Jenerali Tito Okello akawa mkuu wa nchi. Miezi sita baadaye nao wakafukuzwa. Uteuzi mmoja haukuleta peke yake msiba wote huo, lakini ndio uliokata kamba iliyokwisha kulika. Na Uganda haijaachana na mjadala huu: tangu Machi 2024 Mkuu wa Majeshi yake ni mwana wa Rais.

Kenya yatupa mfano wa kinyume, na twaupenda. Sehemu ya jeshi la anga ilipoasi tarehe 1 Agosti 1982, aliyeongoza kukikomboa kituo cha redio Nairobi alikuwa Mahamoud Mohamed, Msomali wa Kenya, mtu wa jamii iliyokuwa ikitiliwa shaka na serikali tangu vita vya mpakani vya miaka ya sitini. Mwaka 1986 akafanywa Mkuu wa Majeshi, akadumu miaka kumi. Nchi hiyohiyo, mwaka 2018, ilimpa Fatuma Ahmed cheo cha Meja Jenerali, mwanamke wa kwanza kukifikia huko, na mwaka 2024 akakabidhiwa jeshi la anga.

Burundi nayo ilishika njia ya tatu. Baada ya Rais Ndadaye kuuawa na askari mwezi Oktoba 1993, na baada ya vita vilivyofuata, ilikubaliwa Arusha mwaka 2000, na kuandikwa katika Katiba ya 2005, kwamba hakuna kabila litakalozidi nusu ya majeshi ya ulinzi na usalama. Tuliowapokea wakimbizi wa nchi ile hatuna haki ya kuicheka hesabu hiyo. Lakini ni dawa ya mgonjwa mahututi, na mtu mzima wa afya hanywi dawa ya jirani.

Turudi kwetu, na kwa ndugu zetu wa Unguja na Pemba.

Ulinzi ni jambo la Muungano tangu Aprili 1964. Ibara ya 148 inampa Amiri Jeshi Mkuu madaraka ya kuteua viongozi wa majeshi, wala haisemi kisiwa, mkoa, dini au jinsia. Na Amiri Jeshi Mkuu mwenyewe, kuanzia Machi 2021, ni Mzanzibari na ni mwanamke. Mwaka huohuo Wizara ya Ulinzi ikapata waziri mwanamke wa kwanza, Stergomena Tax. Kabla yake Mzee Ali Hassan Mwinyi alishika uamiri kwa miaka kumi, na mwanawe Hussein aliwahi kuwa Waziri wa Ulinzi. Basi hatukubaliani na wasemao kwamba mlango wa Visiwani umefungwa.

Lakini hatukubaliani pia na ofisa anayejibu swali la Mzanzibari kwa kusema, "Jeshi halina kabila," kisha akafunga jalada. Wazee wa Unguja wanayo kumbukumbu yao. Wanamkumbuka Kanali Ali Mahfoudh, aliyekuwa miongoni mwa viongozi wa jeshi la Zanzibar baada ya Mapinduzi, akawa ofisa mkubwa wa JWTZ, kisha akatiwa kizuizini mwaka 1972 baada ya kuuawa kwa Mzee Karume. Mtu mwenye kumbukumbu kama hiyo haridhiki kwa kuambiwa asiulize.

Kwa maoni yetu, zamu haifai. Jeshi likianza kuhesabu kwamba safari hii ni Bara na safari ijayo ni Visiwani, kesho Malinyi nayo itadai zamu yake, na Mahenge baada yetu. Zaidi ya hayo, zamu ingemdhalilisha hata huyo Mzanzibari atakayeteuliwa: askari wake watasema amefika kwa kalenda. Tangu 1964 hadi uteuzi wa Jenerali Mkunda mwezi Juni 2022 tumepata Wakuu wa Majeshi tisa. Katika orodha fupi namna hiyo, mikoa mingi ya Bara haiwezi kuwa imepata hata mmoja.

Pa kutazama ni chini. Jenerali hatengenezwi siku ya kutangazwa. Huanza akiwa kijana, pengine hapa jirani kambini Chita, JKT, akipandikiza mpunga na vijana wa mikoa mingine, akaenda Monduli, akatoka na nyota moja, kisha miaka thelathini. Kama leo kuna upungufu wa jina la Mkunduchi au la Mkonde mbele ya meza ya Amiri Jeshi, chanzo chake kitafutwe katika madarasa ya Monduli ya miaka ya tisini. Na kama hatutaki swali hili liulizwe tena ifikapo 2055, basi la kutazama ni darasa la mwaka huu. Hapo ndipo utambulisho wa mtu unapostahili kuwa na uzito: katika kuhakikisha tangazo limefika Micheweni na Malinyi kwa wakati, na usaili umefanyika mahali ambapo nauli ya boti au ya basi haimshindi mtoto wa mvuvi. Akishavaa nyota, apimwe kwa kazi.

Twaiomba Wizara ya Ulinzi itoe kila mwaka hesabu moja tu: ni vijana wangapi kutoka kila mkoa, wa Bara na wa Visiwani, wanaume na wanawake, wamepokelewa kusomea uofisa. Tutaambiwa kwamba mambo ya jeshi ni siri. Idadi ya vifaru na iwe siri. Lakini wazazi wa vijana hao wanajuana, huja stendi na bandarini kuwaaga, na kila kijiji kinajua ni nani wake aliyeondoka.