Saratani ya mlango wa kizazi na nauli ya maskini

Saratani ya mlango wa kizazi husababishwa na virusi vya HPV, ambavyo wengi wetu tunaofanya ngono hukutana navyo. Mara nyingi mwili huviondoa wenyewe. Vikidumu, huchukua miaka 15 hadi 20 kuleta saratani, au miaka 5 hadi 10 kwa mwanamke mwenye VVU asiyepata tiba. Muda huo unatosha kabisa kuugundua ugonjwa na kuuzima. Hata hivyo, mwaka 2022 wanawake wapatao 350,000 walikufa kwa saratani hii duniani, na 94 kati ya kila 100 walitoka nchi za kipato cha chini na cha kati.

Kipimo chenyewe hakidai mashine kubwa. Muuguzi aliyefunzwa hupaka mlango wa kizazi asidi ya siki yenye nguvu ya asilimia 3 hadi 5, akasubiri kama dakika moja huku akimulika. Sehemu iliyoanza kuharibika hugeuka nyeupe, doa linaloonekana kwa macho matupu. Mara nyingi doa hilo hugandishwa au kuunguzwa siku hiyo hiyo, na mama akarudi nyumbani kwa miguu yake. Huko Mumbai, India, utafiti ulihusisha wanawake wapatao 150,000 wa mitaa ya mabanda. Wapimaji walikuwa wanawake wenye elimu ya darasa la 10 waliofunzwa kwa wiki 4 tu. Vifo vya saratani hii vilipungua kwa asilimia 31.

Ndiyo maana sikubaliani na kauli kwamba wagonjwa wetu huchelewa. Saratani changa haiumi. Mwanamke wa kijijini akianza kutokwa damu baada ya tendo la ndoa, au uchafu wenye harufu, huenda zahanati akapewa dawa za maambukizi ya kawaida. Zikiisha, anaandikiwa nyingine. Pengine hakuna kifaa cha kumpimia, wala chumba chenye faragha. Huyo alikuja mapema, ila hakupimwa.

Akija kupata rufaa, ugonjwa huwa umesambaa na upasuaji hautoshi. Anahitaji mionzi, kwa kawaida siku 5 kwa wiki, kwa wiki 5 hivi. Kwa miaka mingi hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, ndiyo ilikuwa tegemeo la Tanzania nzima kwa tiba hiyo, kabla hospitali ya Bugando ya Mwanza haijaianza. Kutoka Sumbawanga hadi Dar ni zaidi ya kilomita 1,000. Hata mgonjwa akisamehewa gharama za tiba, msamaha haulipi basi, haulipi chumba cha kulala yeye na ndugu anayemuuguza, wala haupalilii shamba aliloliacha msimu wa mvua. Familia huuza mbuzi kwa ajili ya safari ya kwanza. Safari ya pili inakuta zizi tupu.

Chanjo ya HPV ingemwepusha binti wa mgonjwa huyo na safari hizo. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018, na mwaka 2024 ikaanza kutoa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Utafiti uliofanyika Kisumu, Thika na Nairobi ulionyesha kwamba dozi moja ilizuia kwa zaidi ya asilimia 97 maambukizi ya kudumu ya HPV aina ya 16 na 18, zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani hii.

Lakini chanjo hiyo hutolewa zaidi mashuleni. Binti wa miaka 12 anayelea mtoto wa watu Kinondoni hayumo kwenye daftari la mwalimu yeyote. Wahudumu wa afya waliopita nyumba kwa nyumba kwa chanjo ya polio wanaujua mlango huo. Watumwe tena, safari hii wamuulizie dada wa kazi.