Kutoka Jani hadi Sindano

Wagonjwa wanaochukua dawa mseto ya malaria dirishani kwangu huniuliza: kama dawa hii asili yake ni mmea wa artemisia, kwa nini tusiupande uani, tukachemsha majani na kunywa? Mimi ni mfamasia, na swali hilo nalipenda, maana wanaouliza wanafikiri.

Mwaka 1971, huko Beijing, mtafiti Tu Youyou aligundua kwamba joto kali liliiharibu dawa iliyomo katika majani hayo. Alikuwa amesoma maandishi ya Ge Hong, tabibu wa karne ya 4, aliyeelekeza majani yalowekwe majini kisha yakamuliwe. Basi akatumia etha, inayochemka kwa joto dogo. Iliyopatikana ni artemisinini. Ndani yake atomi mbili za oksijeni zimeungana kama daraja. Kimelea cha malaria hula hemoglobini ya damu yetu, na madini ya chuma yatokanayo na mlo huo hulivunja daraja. Hapo huzuka kemikali kali zinazokiharibu kimelea chenyewe.

Tatizo ni kwamba artemisinini haiyeyuki vizuri katika maji wala mafuta. Na mtoto mwenye degedege hamezi kidonge.

Wakemia wa China waliiongezea hidrojeni sehemu moja tu ya molekuli, na daraja likasalimika. Kazi hiyo naiheshimu sana, kwa kuwa muungano wa oksijeni mbili ni dhaifu, na bila huo hakuna dawa. Kutokana na umbo hilo jipya, wa Shanghai walitengeneza artemetha, inayoyeyuka katika mafuta. Ndiyo A ya ALu, dawa mseto tunayomeza. Huko Guilin, Liu Xu alipachika asidi ya suksini, ikapatikana artesuneti, ambayo chumvi yake huyeyuka majini na kuchomwa mshipani.

Kipande hicho kidogo kimeokoa watoto wetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulihusisha watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwemo. Waliotibiwa kwa kwinini walifariki asilimia 10.9, wa artesuneti, asilimia 8.5. Tena sindano yake haihitaji dripu ya saa kadhaa kama kwinini.

Kikombe cha chai ya artemisia hakina kipimo. Kiasi cha dawa hutofautiana shamba kwa shamba, na kikiwa kidogo, vimelea vyenye nguvu hubaki hai. Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai hiyo, na vimelea vilivyoanza kuhimili artemisinini vimeshathibitishwa Rwanda, Uganda na mkoani Kagera, Tanzania.

Kwa hiyo ndugu msomaji, pima kwanza. Ukikutwa na malaria ukapewa ALu, imeze pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, dozi zote sita kwa siku tatu, hata kama homa imeshuka siku ya pili.