Kasuku na Jumapili ya Matawi

Kila mwaka Jumapili ya Matawi watoto wangu hurudi kutoka kanisani na vipande vya makuti, na mama yao huvisuka misalaba na kuichomeka juu ya mlango. Sikuwahi kujiuliza makuti yale yametoka wapi. Mnazi ukikatwa kuti moja hutoa jingine, basi.

Nchini Colombia, Amerika ya Kusini, desturi hiyo hiyo nusura immalize kasuku mmoja mzuri sana, mkubwa, wa kijani, mwenye manjano ya kung'aa usoni na masikioni. Huishi katika milima ya Andes, na hutaga mayai juu kabisa, ndani ya mashina yenye uwazi ya mtende wa nta. Hakuna mtende mrefu kuliko huo duniani. Hufika hata meta 60. Lakini hukua polepole mno. Waumini walipenda majani yake machanga, na ili kuyapata walikata miti midogo kwenye chipukizi la katikati, ambalo watu wa pwani huliita shaha. Mti uliokatwa shaha hufa, au hudumaa. Ile mikubwa nayo ikaachwa imesimama katika malisho baada ya msitu kufyekwa, na kila mche unaochipua chini yake ng'ombe wanautafuna. Mti upo, mrithi hana.

Sheria ilikuwapo, tuelewane. Mwaka 1985 Colombia iliufanya mtende huo kuwa mti wa taifa na kukataza usikatwe. Majani yakaendelea kuuzwa.

Mwaka 1999 watafiti walihesabu kasuku hao, wakapata 81 tu. Shirika la huko liitwalo ProAves likatafuta njia nyingine. Likapeleka basi lililopambwa kwa picha za ndege, likawa linazunguka mashuleni na vijijini. Likatundika viota vya mbao, likapanda miche ya mitende. Zaidi ya yote, likaenda kuzungumza na kanisa. Hapo ndipo nilipovutiwa mimi. Hawakumwambia mtu aache sikukuu yake. Walimwomba abebe majani ya mmea mwingine, au aje na mche wa kupanda. Neno likasemwa na padri mwenyewe, si na askari wa misitu.

Kufikia mwaka 2010 kasuku hao walikuwa wamepita 1,000, na katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini wakashushwa daraja moja kutoka lile la juu kabisa. Lakini mtende uliopandwa wakati ule bado ni mtoto. Utahitaji miaka mingi kabla shina lake halijafaa kuwa kiota.

Juzi nilimwuliza katekista wetu makuti ya mwaka huu yalikatwa wapi. Alicheka kwanza, kisha akasema hajui, atauliza.