Historia ya mavazi yetu: sharia iko wapi, mila iko wapi?

Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad.

Mume anapofariki, mara nyingi huzuka mabishano juu ya nguo ya eda: mjane avae nyeupe, nyeusi au kaniki? Sharia haikumwekea rangi maalumu. Imemtaka aache mapambo na manukato. Yanayozidi hapo ni desturi, na desturi ina historia. Kwa hiyo kijana wa Chidya, Masasi au Newala anayeandika tasnifu ya uzamili juu ya mavazi asidharauliwe. Kazi yake hutusaidia kutenganisha dini na mazoea.

Tutazame mfano wa pwani. Katika karne ya 19 kitambaa cha merikani, kilichofumwa Massachusetts, kilipitia Zanzibar hadi bara. Kaniki, iliyotiwa rangi ya nili, lilikuwa vazi la watumwa na maskini. Baada ya amri ya 1897 ya kukomesha utumwa Zanzibar, wanawake wengi waliiacha wakavaa kanga, na baadaye buibui. Mwanahistoria Laura Fair ameonesha kwamba nguo hizo zilitangaza pia uungwana na heshima mpya. Kusitiri mwili ni amri. Kitambaa na mshono hubadilika kwa zama.

Huku kwetu mtafiti atakutana na maandishi ya wageni. Wamisionari wa UMCA, ambao shule ya Chidya ni matunda yao, walifika Masasi mwaka 1876. Mjerumani Karl Weule alipita Masasi na Newala mwaka 1906, vita vya Majimaji vikiwa bado vibichi, akapiga picha nyingi. Je, picha moja inatosha kusema wazee wetu hawakujua stara? Hapana. Aya ya 6 ya Suratul Hujurat inatuamrisha kuhakiki habari. Tuulize: nani alipiga picha, kwa nguvu gani, na aliyepigwa alikuwa na nafasi ya kukataa?

Mizani ya maandishi hayo imo katika masanduku ya bibi zetu. Mwanafunzi aende na barua ya chuo, apite kwa viongozi wa kijiji, aombe idhini ya mwenye nguo. Aandike jina la nguo, ilikonunuliwa, na siku iliyovaliwa: harusi, Maulidi au msiba. Mazungumzo na kina mama ni bora yafanywe na mwanamke, au mbele ya jamaa zao. Ya jando na unyago aliyoambiwa ayafiche, ayafiche. Picha zinazoonesha uchi asizisambaze, hata kama zimo makumbusho. Nguo aliyoazimwa ni amana, airudishe.

Nasi tuliobaki nyumbani tusiharakie kutupa kanga za marehemu kabla hatujauliza habari zake. Bibi akiondoka, hakuna tena wa kuuliza.

Wallahu a'lam.